Kiti cha Agata Nshombo

Kwa miaka kumi na mmoja Agata Nshombo hakuwahi kuketi ibadani. Alikuwa mkuu wa protokoli katika kanisa la Wakongomani pale Beechmont, mtaa wa Louisville, Marekani, na mtu wa protokoli haketi. Huvaa utepe begani na glavu nyeupe, hupokea wageni mlangoni, na huamua askofu yupi akae kiti kipi. Kazi hiyo ni nyepesi machoni pa mtu ambaye hajawahi kuona maaskofu wawili wakikitazama kiti kimoja.

Siku za juma aliogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kulelea, kisha akapanda basi kwenda masomo ya jioni, ambako alijifunza uhusiano wa mataifa huku akisinzia. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ombi lake kwa Mungu lilikuwa moja, na alilirudia kila alfajiri bila aibu: asome mchana, akiwa macho.

Ndipo mwalimu wake akampa tangazo la Mfuko wa Upeo, shirika la Buffalo linalowaandaa viongozi Weusi chipukizi kwa kazi za sera ya mambo ya nje. Mshindi angesoma miaka miwili, mchana, akiwa amelipiwa kila kitu. Agata alijitazama kwenye kioo cha bafuni, akaona mvi tatu, akajiambia kwamba hata hizo ndiyo kwanza zinachipuka.

Fomu iliuliza uzoefu wake wa diplomasia. Aliandika habari za viti na maaskofu. Fomu ikarudi na maelezo ya upole: wangefurahi zaidi kama angeeleza vita, na hasa siku aliyokimbia. Aliongeza mistari minne isiyo na machozi, kisha akaendelea na viti. Binti yake Chimène aliisoma, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu duniani aliyesomeshwa kwa sababu ya viti. Hata hivyo, jina lake lilitoka. Watu wanane waliitwa mjini Columbus kwa mchujo wa mwisho, naye alikuwa mmoja wao.

Binamu yake Leopoldi, anayeishi Whitehall, kando ya Columbus, alimpeleka hotelini kwa gari.

"Bon, dada, bakikupatia ile bourse ya masomo, utakuwa ambassadeur wa wapi?"

"Wa kwako. Kazi yangu ya kwanza, nitaomba bakurudishe Uvira."

"Na huko munaenda kufanya nini? Mtihani?"

"Ni kula tu. Banaangalia namna unaongea na watu wakubwa kwenye meza."

Leopoldi alicheka mpaka akapitiliza taa nyekundu. "Donc umeshaanguka. Weye toka zamani kukaa haujue."

Ukumbi ulikuwa na meza ishirini na watu mia mbili. Agata alipewa kiti namba saba, baina ya waamuzi wawili wenye kalamu na karatasi za alama. Ng'ambo ya meza alisimama mshindani wake Ombati, Mkenya wa Buffalo mwenye shahada mbili na tai ya hariri. Hata maji hayajamiminwa, alikuwa amekwisha kutaja "utatuzi wa migogoro" mara nne, na waamuzi walikuwa wakiandika.

Lakini hakuna aliyekaa, kwa sababu kwenye meza kuu kulikuwa na shida. Kulia kwa mwenyekiti wa Mfuko palikuwa na kiti kimoja cha heshima na mabalozi wastaafu wawili. Wa kwanza aliiwakilisha Marekani kwa miaka tisa katika kisiwa chenye watu wachache kuliko Beechmont. Wa pili aliiwakilisha kwa miezi kumi na minne katika nchi yenye mafuta. Kila mmoja alikuwa ameshika mgongo wa kile kiti, akitabasamu. Hakuna aliyevuta wala aliyeachia. Mabalozi hawajakaa, kwa hiyo mwenyekiti hakukaa. Mwenyekiti hajakaa, kwa hiyo watu mia mbili wakasimama kuitazama supu ikipoa.

Mratibu wa Mfuko, Emmah Wanjohi, alikuja mbio na ramani ya viti mkononi. Naye alikuwa Mkenya. Alikuwa amemsaili Agata mara tatu kwa Kiingereza kitupu, kana kwamba Kiswahili ni ugonjwa aliopona utotoni. Sasa kilimrudia chote.

"Mama, kwa fomu uliandika huwa unapanga maaskofu. Ni ukweli?"

"Ni kweli."

"Hawa wazee wawili wamenimaliza. Tafadhali."

Agata aliwatazama waamuzi na kalamu zao. Wiki nzima alikuwa amefunga akimwomba Mungu ampe maneno mazuri ya mezani. Sasa Mungu alikuwa amempa viti. Alitoa glavu nyeupe ambazo hazikosekani kwenye mkoba wake, akaenda.

Kiti cha kushoto kwa mwenyekiti kilikuwa cha mume wa mwenyekiti mwenyewe. Agata alimshika mkono yule mzee, akampeleka taratibu, akamkalisha kwenye namba saba. Kisha akarudi kwa balozi wa kisiwa, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kulishia wazee, "Mheshimiwa, mgeni mkubwa hukaa kulia kwa mwenyekiti. Ni hapa." Akaenda kwa balozi wa mafuta, akamwonyesha kiti cha kushoto kilichoachwa wazi, akamnong'oneza, "Mheshimiwa, wapiga picha wako kule ukumbini. Kwao wao, kulia kwa mwenyekiti ni hapa. Ndivyo picha zitakavyoonyesha."

Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa huruma, wakakaa. Ukumbi mzima ukakaa.

Agata hakuwa tena na pa kukaa. Alisimama nyuma ya mabalozi mpaka mwisho, kwa kuwa mtu wa protokoli hamwachi mgeni aliyemkalisha. Mwenyekiti alimwona na glavu zake, akamwomba maji, naye akammiminia. Kwenye namba saba, mume wa mwenyekiti aliwaeleza waamuzi habari za goti lake. Ombati, mbele ya supu ambayo bado ilikuwa na uvuguvugu, alieleza utatuzi wa migogoro.

Barua ilifika Louisville baada ya wiki mbili. Ombati ameshinda. Ndani walikuwa wameweka nakala ya karatasi ya alama za Agata. Mazungumzo: sifuri. Chini yake mwamuzi alikuwa ameandika: *Mtahiniwa hakuwapo mezani. Alionekana akiwasaidia wahudumu. Hana uzoefu wa kutosha wa kushughulikia mivutano.*

Chimène alitaka kuwajibu, na maneno aliyopendekeza hayasemwi kanisani. Agata alimkataza, kisha akamwomba amfafanulie mawili kati ya hayo. Alfajiri aliwaombea mabalozi afya, na mume wa mwenyekiti goti. Waamuzi alimwachia Mungu mwenyewe aone atawafanyaje.

Mwaka uliofuata, akiwa kituo cha basi anakwenda darasa la jioni, simu ililia. Ni Emmah, kutoka Buffalo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kabisa.

"Mama, mwaka huu karamu ni huku kwetu, wiki ijayo. Wale wazee wawili wanakuja, na wamesikia balozi wa tatu amealikwa. Wameshaanza kunipigia. Tungependa uje kujitolea. Watu wenu ni wengi huku West Side, hutakosa pa kulala."

"Na Ombati?"

"Ombati atatoa hotuba. Kuhusu utatuzi."

"Madame Emmah, nitakuja. Lakini safari hii nataka kiti changu."

"Hiyo ni rahisi. Nitakuweka mbele kabisa. Unataka kipi?"

"Kiko darasani. Saa tatu asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa, miaka miwili."

"Mama, hiyo ni ile scholarship. Waamuzi walishakataa. Walisema huna uzoefu."

"Basi wazee wasimame," alisema Agata kwa upole, akakata simu, kwa kuwa basi lilikuwa limefika.