Mguu wa Dada Gesare

Sabato ya Meza ya Bwana, wanawake wa kanisa la Rodi walipoinuka kwenda kutawadhana miguu, Dada Gesare alipitia mlango wa nyuma akaenda zake nyumbani. Hakukimbia. Alitembea polepole, Biblia kwapani, viatu vyeusi vya kufunga na soksi nene za kijivu miguuni, na jua lilikuwa linawaka hasa.

Ilikuwa mara ya pili mfululizo. Robo ya mwaka iliyotangulia alisema kichwa kinamuuma, na watu wakaamini, maana kichwa cha mtu hakuna awezaye kukichungulia. Mara hii hakusema lolote.

Kwa madhehebu mengine, mtu kutoka kanisani mapema si habari. Kwa Wasabato siku kama ile ni habari ya mwezi mzima. Kabla ya kuumega mkate, wanaume huenda upande wao na wanawake upande wao, kila mmoja na beseni na taulo, wakaoshana miguu wawili wawili kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Ukiwa na kinyongo na mwenzako, mtafute huyo huyo, muoshane, yaishe. Anayetoka nje ametoka na kinyongo chake. Basi Gesare alipotoka, hakuna aliyejiuliza kama ana kinyongo. Swali lilikuwa ni na nani, na hilo pia halikuchukua muda. Macho yote yalimgeukia Rispa.

Rispa, mama yake Javan, alikuwa amekwisha kuweka beseni la maji ya uvuguvugu mbele ya kiti kitupu. Kiti kile alikuwa amemwekea Gesare.

Watu walikuwa na sababu ya kumtazama. Rispa ni mwanamke ambaye mdomo wake haujui kufuli, na miezi michache nyuma alisema sokoni, mbele ya wateja, kwamba uji wa yule Mkisii una mchanga. Gesare akamjibu kwamba mchanga huo umetoka katika meno ya mnywaji. Soko likacheka, Mzee Nicanor wa kanisa akawaita wote wawili, wakaombewa, wakapeana mikono. Gesare alisamehe siku ile ile. Kusema kweli hakuwa na la kusamehe sana, kwa sababu uji wenyewe ulikuwa na mchanga.

Kilichomtoa Gesare kanisani hakikuwa moyoni. Kilikuwa ndani ya soksi ya mguu wa kulia.

Mwaka ule, wa pili tangu Uhuru, Gesare alishikwa na kiu isiyokatika na kukonda bila sababu. Akaenda hospitali Homa Bay, akapimwa mkojo, daktari akamwambia ana ugonjwa wa sukari. Alipewa vidonge pamoja na maagizo. Asitie sukari katika uji. Ale kwa wakati. Asitembee pekupeku. Kila jioni aoshe miguu yake, akaushe katikati ya vidole, aitazame juu na chini, kwa maana ugonjwa huo huitia miguu ganzi, mtu akakanyaga mwiba asijue. Akiona kidonda, hata kama ni kidogo, asikae nacho, arudi.

Yalikuwa maagizo ambayo mtoto angeyaweza. Nadhani ndiyo maana aliyadharau. Angeambiwa apande mlima Asego kwa magoti, angepanda na kushuka akiimba. Lakini kukaa chini jioni, kujishika miguu na kuitazama, hilo aliliona kama uvivu wa mwanamke asiye na kazi.

Na kazi alikuwa nazo. Mumewe Machuki alikuwa kibarua Kericho kwenye majani chai, akija mwisho wa mwezi au asije. Gesare alipika uji wa wimbi siku za soko, na mpika uji lazima aonje, kila sufuria na sukari yake. Aliongoza akina mama wa Dorkasi, kikundi cha kanisa cha kusaidia wenye shida. Mgonjwa asiye na mtu alioshwa na Gesare, mzazi aliyejifungua alikandwa na Gesare. Tena Sabato mchana yeye ndiye aliyefundisha somo la afya. Chemsheni maji ya kunywa, aliwaambia. Kateni kucha. Mwili wako ni hekalu, usiuache ukachakaa. Aliyasema vizuri hata watu wakaenda nyumbani kuchimba vyoo. Kisha yeye akaenda kwake akalala na vumbi la soko miguuni. Waswahili husema mganga hajigangi, na Gesare alipotaniwa hivyo alicheka kuliko wote.

Kisha akaota sugu chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Akalikata kwa wembe. Hakusikia maumivu, akafurahi. Ilipita siku nyingi kabla hajaona kwamba kitambaa cha kitanda kina doa, na siku nyingine nyingi kabla hajapata ujasiri wa kugeuza wayo autazame. Kidonda kilikuwa kimekwisha kujichimbia. Akakiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga tambara, akavaa soksi. Kilipoanza kunuka akavaa soksi mbili.

Kwa nini hakurudi hospitali? Aibu, hakuna kingine. Daktari angemuuliza kama alikuwa akiosha miguu, naye angesema nini? Na kanisani wangesema mwalimu wa hekalu ameliacha lake likaoza. Alijua neno la watu wazima, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alilijua, na bado alificha.

Hata hivyo, kosa la mguu lilikuwa lake na angelibeba mwenyewe. Lililomtafuna zaidi lilikuwa jingine. Siku ya soko baada ya Sabato ile, Orpah shemasi alikuja kibandani, akainama karibu na kumuuliza kwa upole kama bado ni yale maneno ya Rispa. Gesare angeweza kusema hapana. Neno moja tu. Badala yake alikoroga uji akasema, "Tuyaache, dada. Mungu anajua."

Hakusema uongo, lakini neno lile lilifanya kazi yote ya uongo. Kabla ya jioni soko zima lilijua kwamba Rispa hajasamehewa. Na Gesare alijua kwamba mradi watu wanautazama mdomo wa Rispa, hakuna atakayeutazama mguu wake. Alijichukia kwa kuliona hilo, na alijichukia zaidi kwa kuliona likimfaa.

Rispa hakujitetea. Alianza kuja kibandani alfajiri za soko na debe la maji kichwani, maji ya mtoni, mbali. Aliyamimina katika pipa la Gesare, akafuta mikono kwenye leso, akaondoka bila kuomba hata kikombe. Mwanamke yule mwenye kelele alikuwa amenyamaza. Alijitoa katika kwaya. Watu walisema Mzee Nicanor alimshauri asishiriki mkate mpaka amalize mambo na mwenzake, naye akakubali. Gesare aliketi juu ya kigoda, mguu chini ya sketi, akaipokea ile huduma kwa "asante, Mama Javan," na kila debe lililomwagwa alilisikia kifuani. Lakini maji aliyatumia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza tena kufika mtoni.

Ikafika Ijumaa moja ya maandalio, mchana, nyumba zote zinafagiliwa kwa Sabato. Rispa alibisha hodi akiwa na beseni, birika na taulo begani. Aliweka vyote sakafuni mbele ya Gesare, akapiga magoti.

"Nyar Kisii," akasema, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo, "kama kanisani umeona haya, basi tufanye hapa. Hakuna mtu anatuona."

Gesare alimwambia ainuke, yameisha, amemsamehe kitambo. Rispa hakuinuka. Alisema kama yameisha, ampe mguu. Gesare akasema leo hapana, ana kazi. Hapo Rispa akaanza kulia, na hakulia kwa sauti. Alieleza kwamba mama mkwe wake amemuuliza mbele ya watoto ni dhambi gani hiyo isiyosameheka. Alieleza kwamba usiku analala akijihesabia maneno yote aliyowahi kumwambia Gesare tangu wafahamiane, akitafuta lile jingine baya, kwa maana haiwezi kuwa mchanga wa uji peke yake.

"Niambie tu, nilikukosea wapi ingine?" akasema. "Mimi siijui. Wallahi siijui, na Mungu anisamehe kuapa."

Gesare aliutazama utosi wa mwenzake. Angeweza kumwinua, kumkumbatia, kumrudisha nyumbani akiwa ameridhika nusu. Kwa mara ya kwanza aliona wazi kitu anachofanya: alikuwa anamlipisha mwanamke huyu deni la mguu wake. Akavua kiatu. Akavua soksi ya kwanza, kisha ya pili, ambayo ilikuwa imegandamana na tambara, akaivuta.

Harufu ilitangulia. Rispa alirudi nyuma kwa magoti. Kidole kikubwa kilikuwa cheusi na cha pili kilianza kufuata. Alitazama muda mrefu, akamtazama Gesare usoni, na mtu mwingine angeonyesha huruma pale. Rispa hakuwa mtu huyo.

"Kwa hivyo ni hii," akasema. "Hii ndio imekataza wewe kuoshwa."

"Ni hii."

"Na mimi nimebeba maji."

Gesare akasema daktari alimwonya, akamwonyesha hata namna ya kukausha vidole, naye hakufanya. Akasema hakuna mtu wa kulaumiwa ila yeye.

"Wewe ulifundisha sisi kukata kucha," Rispa akasema, sasa sauti yake imerudi yote. "Mimi nilichimbisha bwana yangu choo juu ya maneno yako. Na wewe unaoza hapa, halafu unanipatia mimi dhambi yako nivae kama kanga. Hii mguu siwezi kuosha. Hii ni ya daktari."

Akamwaga maji nje kwa hasira, akatoka. Gesare alidhani ameondoka moja kwa moja, na aliona ni haki. Lakini alirudi na baiskeli ya mumewe na mumewe akiisukuma, wakamkalisha Gesare kwenye keria, mguu umefungwa kitambaa safi.

Njia ya kwenda Homa Bay ilipita mbele ya kanisa, ambapo Orpah na wenzake walikuwa wakifagia uwanja. Gesare aliomba baiskeli isimame. Mume wa Rispa alisema wachelewe kwa nini, lakini alisimama. Gesare alikifungua kile kitambaa, akaunyoosha mguu kuelekea wanawake wenye mifagio, mchana kweupe.

"Mama Javan hana kosa," akasema. "Sijawahi kuwa na kinyongo naye. Nilikimbia beseni kwa sababu ya hii, nikawaacha mumwone yeye mbaya."

Wanawake walishika vinywa. Orpah alidondosha ufagio. Rispa hakumtazama yeyote. Aliufunga mguu upya, akakaza fundo kuliko ilivyohitajika, wakaendelea.

Hospitali ilikata vidole viwili. Daktari alisema angechelewa kidogo zaidi wangezungumza habari ya mguu mzima. Hakumgombeza, na kule kutogombezwa kulimwumiza Gesare kuliko kisu. Alirudia tu maagizo yale yale ya kwanza, kwa sauti ile ile, na Gesare akayasikiliza akiwa amejifunika shuka hadi kidevuni kwa haya.

Alirudi Rodi akitembelea mkongojo. Akina mama wa Dorkasi walikuja kwa zamu, wakamfulia, wakampikia uji usio na sukari, ambao haukupendwa na mtu. Mzee Nicanor alikuja akamwomba Rispa msamaha hapo hapo mbele ya wote, maana Rispa naye alikuwa anakuja. Alikuja kila jioni, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akasema machache.

Jioni moja, kidonda kilipokuwa kimefunga, Gesare alimwomba Orpah amletee beseni na maji. Wageni walipotawanyika, alilisukuma beseni hadi miguuni pa Rispa, akanyoosha mguu wake wenye vidole vitatu. Alitaka sana kuoshwa. Alitaka mikono ya Rispa imguse, ili ajue kwamba limekwisha.

Rispa aliutazama mguu ule kwa makini, juu na chini. Kisha akalirudisha beseni mbele ya Gesare.

"Mimi sioshi," akasema. "Nikiosha leo utafurahi, utalia, tutaomba. Na kesho nani ataosha?"

Gesare akainama. Hakuwa amewahi kuishika miguu yake mwenyewe namna ile, kwa mikono miwili, kama alivyoishika ya wagonjwa wa watu. Aliosha kisigino, akaosha wayo, akafika pale ambapo pengo lilikuwa laini na la ajabu mkononi, na machozi yakaingia katika maji. Aliuonea mguu ule huruma, na aliona haya kwamba huruma hiyo imekuja vidole vikiwa havipo.

"Mama Javan," akauliza bila kuinua kichwa, "umenisamehe?"

Rispa alifikiri. Hakuwa mwanamke wa kudanganya kwa ajili ya adabu.

"Bado," akasema. "Lakini kesho nitakuja tena, na kesho kutwa. Nitakuja mpaka siku ile nitakuta umeosha na mimi sijafika."

Gesare akachukua taulo. Alianza kukausha katikati ya kidole na kidole, polepole, akitazama.