Sange wa Chakol

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Vivianne alikuwa ameketi kando ya kichaka cha Chakol, daftari magotini, akihesabu sange. Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia, ambaye wengi humwita panya kwa kutomjua. Utafiti wa Vivianne wa mwaka wa mwisho chuoni uliuliza swali moja: je, paka wa kichakani ndio wanaowamaliza? Walio hai aliwahesabu kwa mitego. Walikuwa watatu.

Walioliwa hawakuhitaji mitego. Kila asubuhi walitoka kichakani wakivuka njia ya kisimani, kila mmoja nyuma ya paka aliyemla. Mwanga wa jua ulipita miilini mwao. Wanawake waliokwenda kuteka maji walisimama kuwapisha.

"Leo wamechelewa," alisema Mama Aluka, akitua ndoo.

"Ni mia mbili na kumi na mmoja. Jana walikuwa mia mbili na tisa."

"Basi si uandike wawili wameliwa? Kusoma kwenu nako!"

Vivianne aliandika. Lililobaki ni kujua paka hao walitoka wapi, kwa maana hakuna boma la Chakol lililowatambua.

Jumamosi hiyo paka hawakurudi kichakani. Walishika barabara ya Malaba, sange nyuma yao, na Vivianne nyuma ya sange. Madereva wa malori walisimama wakasubiri. Kabla ya kufika mpakani, paka walikata kona, wakaingia ghala la nafaka la Anti Wilkista, aliyemlea Vivianne tangu mamake afariki, na ambaye Vivianne alimsomea hesabu zake za sange kila Jumapili baada ya kanisa. Kila paka alipanda juu ya magunia, mahali alipozaliwa. Sange wakajipanga sakafuni.

Anti Wilkista alikuwa akipepeta maharagwe. Aliwatazama paka mmoja mmoja.

"Wamekua," alisema.

"Anti, ni wewe uliwatupa?"

"Sasa ningefanya aje? Paka haui mtu, na mtu haui paka. Ni laana. Mimi huwatia kwa gunia, nalizungusha mara tatu wasijue njia, nawaacha kwa kichaka. Hapo nimekosea nani?"

"Nimekusomea hesabu mwaka mzima. Ulijua."

"Na si kila siku nilikuambia pole?"

Ni kweli Anti alikuwa amempa pole. Nyuma ya magunia, paka wachanga wanne walikuwa wakinyonya. Vivianne alimweleza Anti kwamba wamebaki sange watatu tu, na kwamba paka mmoja zaidi angewamaliza. Anti aliweka ungo chini na kuapa kwa jina la dada yake, mamake Vivianne, kwamba hatapeleka paka mwingine Chakol. Kisha akafagia kwa uangalifu, akiwazunguka sange, na kumwandalia binti yake chai.

Vivianne aliamini. Kiapo kama hicho hakikuwa kimewahi kuvunjwa nyumbani mwao.

Wiki tatu baadaye alihesabu tena. Mstari ulikuwa wa mia mbili na kumi na wanne. Watatu wa mwisho walimfuata paka mdogo ambaye hakuwamo daftarini, vumbi la mahindi likiwa bado mgongoni mwake. Paka huyo alitoka mstarini, akaja kujisugua kwenye mguu wa Vivianne, kwa kuwa walikuwa wa nyumba moja. Sange watatu walisimama wakamngoja amalize. Mitego yote ilikuwa tupu.

Saa nne Anti Wilkista alipiga simu kuuliza utafiti unaendeleaje.

"Umekwisha," Vivianne alisema.

"Asante Yesu," alisema Anti. "Nimekuwa nikikuombea."