Mtoto wa kwa Shangazi

Kwa mara ya kwanza tangu wanunue televisheni, Natalina alikuwa ameipa mgongo. Alikaa mkekani na simu mkononi, spika ndogo zimemziba masikio, na mumewe Kasimiro akabaki kitini mwake bila mtu wa kumtafsiria.

Kutafsiri ndiko kulikompa Kasimiro jina mtaani pale Koboko. Kiingereza chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, cha kuamrishwa zaidi ya kuongea, lakini majirani waliojaa sebuleni jioni hawakuwa na kingine. Wahusika wa tamthilia za Kiingereza wakinong'ona, wote walimgeukia: wanasema nini? Alijibu, na pale asipoelewa alitunga. Kusema kweli, alikuwa hodari wa kutunga kuliko kutafsiri. Siku hizi kila jirani ana simu yake, na viti vya sebuleni vinawekewa nguo za kupigwa pasi.

Sasa binti yao, Night Poni, alikuwa amemletea mama yake simu kutoka Arua, na ndani yake tamthilia moja waliyoitazama pamoja zamani, safari hii ikisema Kiswahili. Kasimiro alipoisikia, roho ilimruka.

Katika tamthilia ile kuna mtoto wa kike anayekufa kwa homa. Ilipoonyeshwa, wao walikuwa wametoka kumzika Rosa, kifungua mimba wao, huko Abuku. Daktari alitoka mlangoni, akasema maneno machache, mama akaanguka. Natalina aliuliza wanasema nini. Kasimiro alijibu kwamba mtoto anapelekwa kwa shangazi, mbali, na mama analia kuachana naye. Tangu hapo kila aliyevaa nguo nyeusi ilibidi atafutiwe sababu nyingine. Kwa maneno ya Kasimiro, mtoto alituma salamu, alianza shule. Natalina alizisikiliza habari zake mpaka akaanza tena kula vizuri.

Leo angejua. Kasimiro aliogopa, si kidogo. Mke angemwonaje mwanamume aliyeuchezea msiba?

Mabega ya Natalina yalitikisika. Kisha akazitoa spika masikioni, akaizima simu na kuiweka kabatini. Alirudi na kukaa pale alipozoea kukaa, kando ya kiti cha mumewe, akaielekea televisheni. Lilikuwa tangazo la sabuni.

"Baba Poni."

"Mm."

"Ule mtoto ya kwa shangazi. Sasa iko darasa gani?"

Kasimiro alimtazama. Macho ya mkewe yalikuwa mekundu, lakini hayakubanduka kwenye sabuni.

"Shule alimaliza," alisema. "Sasa iko nesi, huko Arua."

"Iko mrefu?"

"Mrefu. Anapita wewe kidogo."

Natalina aliitikia kwa kichwa, akauvuta mkeka karibu zaidi na kiti.