Mtihani wa Wifi na Ulimi wa Baba

Wifi yangu alipofeli mtihani wa Kiingereza kwa mara ya pili, hakulia. Aliingia jikoni na sare yake ya kazi, akaanza kuosha vyombo ambavyo mimi nilikwisha kuviosha. Nikamwachia. Kuna watu wakiumia husema, na kuna wengine husugua masufuria.

Yeye ni muuguzi wa wadi ya wazazi. Alitaka kwenda kusomea ukunga wa ngazi ya juu, na chuo alichokipenda kinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo kila mwombaji hupimwa lugha kwanza. Msamiati alikuwa anaupigania kweli. Alibandika vikaratasi vya maneno kwenye friji, kwenye mlango wa bafu, hata kwenye kioo cha saluni yangu iliyoko chumba cha mbele, mpaka wateja wakawa wananiuliza maneno nauza bei gani. Kilichokuwa kinamwangusha ni ufahamu: unapewa habari, unaisoma, kisha unaulizwa maswali juu yake.

"Nasoma, naelewa, najibu, nakosa," aliniambia. "Wifi, nadhani kichwa changu kina tundu."

"Kingekuwa na tundu ningeliona. Si mimi ndiye ninayekusuka?"

Alicheka kidogo, kwa kunistahi tu.

Pale nyumbani tulikuwa watatu: mimi, yeye na baba yangu. Kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, anaendesha malori ya safari ndefu, na akirudi hukaa kama mgeni. Baba alikuwa mkalimani wa mahakama hadi alipostaafu. Shahidi akisema kwa Kiswahili, yeye humgeuzia hakimu kwa Kiingereza. Hakimu akijibu, yeye humrudishia shahidi. Mtaani walimpa jina la Ndimi Mbili. Unaweza kujiuliza kwa nini wifi hakumwendea mtu huyo tangu mwanzo. Nilimuuliza hivyo hivyo, akanitolea macho. "Nimkalishe baba mkwe anisahihishe kama mtoto wa chekechea? Bora nifeli."

Basi asubuhi moja Baba alikuwa anafunga vifungo vya shati, vikamshinda. Mimi niliona ni uzee tu. Wifi, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka zamu, aliuona mdomo wake umepinda upande, akamwambia, "Baba, inua mikono yote miwili." Ukainuka mmoja. Papo hapo akaita gari. Daktari alitwambia baadaye kwamba wengi hufikishwa hospitali wamechelewa, sisi tuliwahi. Nasema "sisi" kwa sababu ndivyo daktari alivyosema, lakini aliyewahi ni mmoja.

Kiharusi kilimwachia Baba mguu unaoburuta kidogo na mkono wa kulia mzito. Maneno kilikwenda nayo. Alikaa kimya muda mrefu, anatutazama kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Halafu siku moja, nikiwa natandika kitanda chake, akasema kitu. Ilisikika kama "reza". Nikafurahi mpaka nikakimbia kumletea redio. Akatikisa kichwa. Nikaongeza sauti ya redio. Akafumba macho kwa uchungu wa mtu mwenye akili timamu aliyezungukwa na wasio nazo.

Wifi ndiye aliyeelewa aliporudi. "Anataka wembe. Anataka kunyoa ndevu. *Razor*, wifi."

Hivyo ndivyo tulivyogundua kwamba Kiingereza kilikuwa kinamrudia, na Kiswahili bado. Lugha aliyonyonya nayo ilikuwa imejificha, na ile ya kazini ndiyo iliyokuja kubisha hodi. Mtaalamu wa usemi pale hospitali, mama mmoja mpole mwenye miwani mikubwa, alisema mambo hayo hutokea, wala hakuna anayejua kwa hakika lugha ipi itatangulia. "Msimkataze Kiingereza. Mpitisheni humo humo, Kiswahili kifuate nyuma. Mwonyesheni vitu, avitaje, kila siku, bila kumkimbiza."

Mimi nikajiona sifai kwa kazi hiyo. Kiingereza changu ni cha kumwambia mteja shampuu imekwisha. Lakini nilipomgeukia wifi, nilimwona anatabasamu, tabasamu lake la kwanza tangu yale matokeo.

"Baba anahitaji mtu wa kumsemesha Kiingereza," alisema. "Na mimi nahitaji mtu wa kunisemesha Kiingereza. Hapo aibu ya nini tena?"

Darasa lao likawa saluni kwangu, alasiri, wateja wakipungua. Baba alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele kwa sababu kina mahali pa kuegemeza shingo. Wifi huinua kitu: kitana, rola, taulo. Baba hukitaja kwa Kiingereza. Wifi hurudia, kisha hukitaja kwa Kiswahili, na Baba hujaribu kumfuata. Akifika kwenye Kiswahili mdomo hupinda, jasho humtoka, neno halitoki. Wateja nao wakaingilia. Mmoja mwenye rola kichwa kizima alikuwa anamshangilia Baba kila akipatia, nikimwambia atulie nitamuunguza hasikii.

Kisha wifi alikuwa anasoma maneno yake magumu ya mtihani, na Baba, asiyeweza kueleza maana kwa sentensi, alikuwa anayaigiza. Siku ya neno *reluctant*, wifi alilalamika kwamba linamtoka kichwani kila akilitia. Baba alimwashiria amletee mpira wa mazoezi, ule ambao hospitali walimwagiza aubinye kwa mkono mgonjwa. Alipoletewa, akautazama, akaurudisha mkono nyuma taratibu, akageuza uso pembeni kama mtoto anayepelekewa dawa. Tulicheka sote, na Baba akacheka kwa ule upande wake mzima. Mtu asiyetaka lakini hana budi: neno likakaa.

Haikuwa raha kila siku. Kuna jioni Baba alikwama kwenye kijiko. *Spoon* aliijua vizuri, lakini kijiko kilimkatalia mpaka akakirusha kikagonga kioo changu. Wifi alikuwa ametoka kwenye zamu ambayo mama mmoja nusura awaponyoke, hata viatu hakuwa amevua. Niliogopa atachoka naye. Alikiokota, akakaa kwenye kigoda mbele ya Baba, akamwambia, "Hata mimi leo nimekasirika, Baba. Basi tukasirike pamoja kidogo, halafu tuendelee." Wakakasirika kidogo. Halafu wakaendelea.

Jambo kubwa lilitokea kwenye ufahamu. Wifi alimsomea Baba habari kutoka kwenye kitabu cha mazoezi, ya mzee aliyeuza nyumba yake iliyokuwa kando ya mto. Swali likauliza kwa nini aliiuza. Wifi akajibu haraka kwamba aliogopa mafuriko.

"*No*," Baba alisema.

Wifi akasoma tena. Akajibu vile vile.

Baba akaweka kidole kwenye kitabu, akakipitisha mstari kwa mstari. Kisha akakiweka kwenye kipaji cha uso cha wifi, akatikisa kichwa. Mafuriko hayakuwa kwenye habari. Habari ilisema binti yake yule mzee alikuwa anaishi mbali, naye alitaka kuwa karibu na wajukuu. Mafuriko yalitoka kwa wifi mwenyewe, kwa sababu mto anaoujua yeye hufurika.

Hapo nikakumbuka kisa ambacho Baba alipenda kutusimulia tukiwa wadogo, nikamsimulia wifi huku nikifagia nywele. Shahidi mmoja alikasirika kizimbani, akamwita hakimu kichwa cha mbuzi. Mahakama yote ikamgeukia Baba kuona atafanyaje. Baba akasimama wima akatafsiri, mbuzi kamili, na kichwa chake, bila kupunguza hata pembe. Hakimu akamuuliza, "Unaniambia mimi hivyo?" Baba akainama. "Ni shahidi, mheshimiwa. Mimi simo."

Baba alikuwa anasikiliza, machozi ya kicheko yanamtiririka. Wifi hakucheka. Alikuwa anakitazama kitabu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Kumbe mimi kila mara nimo," alisema polepole. "Kule wadini kazini lazima niwemo. Mgonjwa akisema kichwa kinauma, lazima niwaze asichokisema. Hapa nasoma neno moja, mimi nishaandika matatu."

Tangu siku ile alisoma kwa namna nyingine. Kabla ya kujibu alitafuta mstari unaosema hivyo, akauonyesha kwa kidole, na Baba akaitikia kwa kichwa au akakitikisa kukataa. Alizidi kupatia.

Kiswahili cha Baba nacho kilikuwa kinapenya kidogo kidogo, taulo leo, maji kesho. Sentensi yake ya kwanza nzima aliniambia mimi. Nilikuwa nakausha nywele za mteja na mashine inavuma, akasema nyuma yangu, wazi kabisa, "Punguza hiyo kelele." Nimeambiwa maneno matamu na wanaume kadhaa maishani mwangu, hakuna lililonifikia hivyo. Nilizima mashine, nikashindwa kuendelea, na mteja yule, Mungu ambariki, alikwenda nyumbani na nusu ya nywele mbichi bila kunung'unika.

Wifi alifanya mtihani kwa mara ya tatu. Matokeo yalipotoka alinipa simu nisome mimi. Msamiati alipita kwa kupenya tundu la sindano. Ufahamu ndio uliokuwa juu kuliko vyote. Alienda kwenye kiti cha Baba, akapiga magoti, akakilaza kichwa kwenye mkono ule mgonjwa. Baba alijaribu kusema, akakosa, akaishia kumpapasa nywele.

Chuo kiko mji mwingine. Siku aliyoondoka, kaka alikuwa amerudi ili ampeleke mwenyewe, na mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Baba akaniomba simu. Nikadhani anataka kutazama saa. "Mama yake," alisema, akimwelekezea wifi kidevu. Nikampigia mama mzazi wa wifi, anayeishi mbali, na ambaye hakuwa amesikia sauti ya Baba tangu augue.

"Mkwe," Baba alisema, kisha akanyamaza. Tulisimama pale sebuleni hakuna anayethubutu kumsaidia. Wifi alikuwa mlangoni, ameshika fremu. "Mtoto... uliye... uliyetupatia." Akafuta mdomo kwa leso. "Amenirudisha... nyumbani kwangu. Ahsante."

Baba akaitazama simu kwa wasiwasi, akidhani imekatika.

"Nipo, mkwe wangu," sauti ya yule mama ikaja, nzito. "Nakusikia neno kwa neno. Endelea tu, mimi sina haraka."