Damu ya Komeo

Golikipa wa timu ya shule walimwita Komeo, maana akikaa golini hapiti hata nzi. Siku moja akaruka kudaka, akajigonga kichwa kwenye nguzo ya goli. Nguzo haikuumia. Yeye wiki ya tatu sasa mwanga unamkera, na akicheka tu kichwa kinatwanga. Basi akaacha kucheka, binti wa miaka kumi na minne, jamani.

Daktari alieleza kwamba ubongo ukitikisika, mwendo wa damu yake hubadilika na huchukua muda kutulia. Ijumaa angempima, akikuta mambo shwari, Jumamosi fainali ruksa. Bibi yake, fundi cherehani mwenye jibu la kila kitu, aliyasikia hayo nusu, nusu nyingine akajijazia.

"Damu haifiki juu," alisema. "Hiyo si kazi, mjukuu wangu. Tutaishusha."

Ijumaa asubuhi Komeo akasimama kichwa chini, miguu juu ukutani, bibi kamshika vifundo, anahesabu kama anayepima kitambaa. Komeo alivumilia. Kwa fainali ile angesimama hata juu ya paa.

Kliniki, daktari hajashika hata kipimo, Komeo akayumba na kumtapikia viatu.

"Usishtuke, daktari," bibi akasema kwa fahari. "Ni damu inarudi. Tumeishusha robo saa nzima." Akaeleza walivyofanya, hakubakiza kitu.

Daktari alitazama viatu vyake, kisha bibi. "Damu ya ubongo si maji ya tangi, mama. Inataka utulivu, wewe umemning'iniza mtoto kama popo. Leo sipimi. Mrudishe Jumatatu."

Komeo akalia. Fainali imekwenda na maji, na maji yenyewe kayamwaga bibi. Bibi akainama, akafuta viatu vya daktari kwa kanga yake.

Jumamosi wakakaa benchi, bibi kamshika kifundo cha mguu kama jana, asije akachomoka kuingia uwanjani. Golini yuko binamu yake Komeo, ambaye mpira ukija hufumba macho. Ikaja penalti ya mwisho, ya wapinzani. Binamu akafumba macho, akageuka akimbie, mpira ukampiga makalioni ukatoka nje. Kombe likawa la shule ya Komeo.

Komeo akacheka mpaka machozi. Halafu ghafla akashika kichwa, akasikilizia.

"Kinauma?" bibi akauliza.

"Hakiumi, bibi."

"Alhamdulillahi," bibi akasema, na kifundo hakukiachia.