Plasta ya Kinyozi

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi. Tuna miaka sitini na mitatu, na tangu ahamie kwangu anakaa dirishani hapa ninaponyolea watu, akishona nguo za majirani. Wiki iliyopita aligonga mkono wa kulia kwenye komeo la mlango. Mchubuko mdogo tu. Nikaupaka dawa, nikabandika plasta ile ile ninayowabandikia wanaume wembe ukiteleza.

Jana nikaitoa kama ninavyowatolea wao: shika ncha kwa vidole viwili, vuta mara moja, maumivu yasipate nafasi. Miaka thelathini na tisa, hakuna aliyelalamika. Plasta ilitoka. Ngozi yake ikatoka nayo, upana wa kiganja cha mtoto, kama karatasi iliyolowa.

"We," alisema, "umenimenya."

Zahanati, muuguzi alitutazama kwa zamu. "Mzee, mama yako anatumia dawa gani?"

"Mama yake!" Dada akacheka huku machozi yanamtoka. "Sisi pacha, binti. Mwenzangu walimweka kwenye friji."

Muuguzi akaomba radhi, akaeleza taratibu. Ngozi ya mwanamume ni nene zaidi, ina mafuta, na hupungua kidogo kidogo. Ya mwanamke, hedhi ikishakoma, hupungua kwa kasi ndani ya miaka michache.

"Plasta ya gundi asiione tena. Shashi isiyogandia kidonda imetuishia, nitafunga hii ya kawaida. Kesho muitoe kwa maji ya uvuguvugu, polepole. Pakichanika tena, sijui kama patafunga."

Huo ndio mkono wake wa kushonea.

Leo shashi imegandia kidonda. Nimeimwagia maji, nikasubiri, nikajaribu pembe moja. Ngozi ikainuka pamoja nayo. Nikaachia.

"Mtu wa wembe mzima, unaogopa kitambaa?"

"Dada, usinichekeshe. Mkono utateleza."

"Basi vuta, yaishe."

"Sivuti."

Bila kufikiri nikajikuna shavu kwa kucha, kwa nguvu, kama siku zote. Haikubaki hata alama. Aliona, akageukia dirishani.

Maji yakapoa kwenye beseni. Nikayapeleka jikoni kuyapasha, mara ya nne sasa.

"Fanya haraka," akaniita. "Shashi inakauka."