Mstari wa Chaki

Ndindi alichora mstari wa chaki sakafuni, hatua sita kutoka kwenye mashine ya maji, akamwomba Shitanda asimame nyuma yake. Aliomba kwa adabu, na kwa ajili ya adabu hiyo mzee akakosa pa kukasirikia.

"Leo usisaidie mtu, mzee. Hata akikwama, muache akwame. Nataka kuona kama wanaiweza wenyewe."

"Na wakiiweza?"

Binti alikuwa mkweli, maskini. Chuoni alisomea jinsi watu wanavyotumia mitambo, na kampuni ya maji ilikuwa inangoja ripoti yake. Wakiiweza, alisema, kituo hiki hakitahitaji mhudumu.

Shitanda alikuwa mhudumu hapo Majengo kwa miaka kumi na mmoja. Zamani alifungua bomba kwa mkono. Mashine ilipoletwa, akabakizwa kuwaonyesha watu pa kugusisha kadi. Kazi yenyewe hasa haikuandikwa popote. Wanawake walipanga mitungi alfajiri, wakaenda vibaruani, mtungi ukamshikia mwenyewe nafasi. Kadi walimwachia yeye awajazie. Zilikuwa thelathini na nane, zimefungwa kwa mpira ndani ya koti, na kila moja aliijua kwa mikwaruzo yake. Bango lililokuwa juu ya mashine lilikataza jambo hilo: kadi ni ya mwenyewe, anayetumia ya mwingine hufukuzwa.

Maji yalitoka Jumanne na Ijumaa tu, mwisho saa nne asubuhi.

Kwenye kompyuta ya kampuni, Ndindi alimweleza, watu wa Majengo ndio hodari kuliko wote. Hawabonyezi pasipofaa, hawarudii. Shitanda akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba watu hao wote walikuwa yeye.

Basi alichotakiwa kufanya ni kusimama tu. Mitungi ikibaki mitupu, mashine itaonekana imeshindwa, naye atabaki na kazi yake. Magoti yalimuuma. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza maishani uchovu ulikuwa upande wake.

Wakaja wanawake wawili, wakagusisha kadi, wakateka, wakaenda. Halafu hakuja mtu. Saa tatu ikapita. Ndindi akaitazama foleni ya mitungi.

"Wenyewe wako wapi?"

"Kazini."

"Watarudi saa ngapi?"

"Jioni."

Akaandika kitu, akafuta.

Saa tatu na nusu. Wa kwanza kwenye foleni ulikuwa mtungi mwekundu wenye kitambaa mpinini, wa Nzilani, anayeosha matumbo Soko la Burma. Mama yake Nzilani ni mgonjwa wa kitandani, na haoshwi kwa maneno. Alfajiri Nzilani alikuwa amemwachia Shitanda kadi kama mtu anayetundika koti lake nyumbani kwake. Lawama si yangu, Shitanda alijiambia, nimekatazwa. Alijiambia tena. Mara ya pili hata yeye mwenyewe aliona aibu.

Akavuka mstari.

"Mzee, tafadhali. Utaniharibia jaribio."

"Ama liharibike hilo, ama mama ya Nzilani alale bila kuoshwa mpaka Ijumaa." Akatoa furushi la kadi kotini, akaliweka juu ya mashine, chini ya bango. "Wale hodari wako wa kompyuta, binti, ni mimi. Wote ni mimi."

Ndindi akalitazama furushi, akalitazama bango. Alisoma kimyakimya, midomo ikicheza.

"Sasa hii nitaiandikaje? Nikiandika, watakufukuza. Nisipoandika, watasema mashine inatosha."

"Andika vile umeona."

Akagusisha kadi ya Nzilani. Taa ya kijani ikawaka na maji yakashuka. Alihesabu dakika zilizobaki: mitungi ishirini hivi itajaa, mingine hapana. Wenyewe watauliza jioni.

Mtungi ulipojaa aliinama kuuvuta, magoti yakakataa. Maji yakamwagika, yakatambaa sakafuni mpaka kwenye mstari.

Ndindi akaweka karatasi zake juu ya ukuta mfupi wa kituo. Saa yake ya kupimia aliisahau, ikaendelea kuhesabu. Akaushika mpini mwekundu, akausogeza mtungi kando, kisha akauburuta wa manjano mpaka chini ya bomba.

"Huu ni wa nani?"

Shitanda alikuwa tayari anaitafuta kadi ya mwenye mtungi huo, ile yenye pembe iliyolika, vidole vikipekua kati ya thelathini na saba zilizobaki.